Nodi ya Bitcoin kwenye kompyuta yangu: nimechimba bloku kumi lakini salio la pochi ni sifuri

MjenziMoro ameuliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaandika programu ya Python itakayompa kila mteja wa duka anwani yake ya kulipia kwa Bitcoin, isubiri malipo yaingie, kisha itoe risiti pale yanapothibitika. Sitaki kuijaribu kwa fedha halisi, wala siwezi kupakua mnyororo mzima wa bloku (mafungu ya miamala yanayounda daftari la Bitcoin), kwa kuwa unazidi gigabaiti 500 ilhali diski ya kompyuta yangu ni ya gigabaiti 256, na intaneti ninayotumia ni ya bando la simu. Kwa sababu hiyo nimesakinisha Bitcoin Core, programu ya kuendesha nodi, kwenye Ubuntu na kuiwasha katika hali ya regtest, yaani mtandao wa binafsi unaoishi ndani ya kompyuta yangu peke yake.

Amri nilizoandika kwenye terminali, kwa mpangilio nilioufuata, ni hizi:

```
bitcoind -regtest -daemon
bitcoin-cli -regtest getnewaddress
bitcoin-cli -regtest createwallet "jaribio"
bitcoin-cli -regtest getnewaddress
bitcoin-cli -regtest generatetoaddress 10 <anwani>
bitcoin-cli -regtest getbalance
```

Amri ya pili ilikataliwa kwa maelezo kwamba hakuna pochi iliyofunguliwa, ndipo nikatengeneza pochi ya "jaribio" na kuendelea. Bloku kumi zilichimbwa, yaani ziliongezwa kwenye mnyororo, mara moja na nikapewa hashi (alama za utambulisho) zake zote, lakini salio limebaki 0.00000000. Nilitarajia kuona sarafu 500, kwa kuwa kila bloku ya mwanzo hulipa sarafu 50.

Nina maswali mengine matatu yanayoambatana na hilo. Kwanza, programu yangu ya Python ikijaribu kuunganishwa na nodi kupitia porti 8332 inakataliwa. Pili, kila nikizima kompyuta na kuiwasha tena, nodi inaniambia tena kwamba hakuna pochi, kana kwamba ile ya jana haikuwahi kuwapo. Tatu, nina pochi ya Bitcoin kwenye simu yenye maneno 12 ya siri. Je, naweza kuyaingiza maneno hayo katika nodi hii ili nisihangaike na pochi mbili? Nitashukuru nikielezwa sababu pamoja na amri, kwa sababu nataka kuelewa ninachokifanya.

FundiNodi amejibu:

Ndugu MjenziMoro, sarafu zako 500 zipo, ila bado hazijakomaa. Andika amri `getbalances`, yenye herufi s mwishoni, nawe utaziona zimeandikwa upande wa sarafu ambazo haziwezi kutumika bado.

Sababu yake ni kanuni ya Bitcoin yenyewe wala si hitilafu ya pochi. Zawadi ya mchimbaji haiwezi kutumiwa hadi zipite bloku 100 juu ya ile iliyoizaa. Mnyororo huweza kujipanga upya pale bloku mbili zinaposhindana, na bloku iliyoshindwa hufutika pamoja na zawadi yake. Kama mchimbaji angeruhusiwa kuitumia zawadi hiyo papo hapo, basi kila aliyelipwa kwa sarafu hizo, na kila aliyelipwa na huyo aliyelipwa, angejikuta ameshika kitu kisichokuwapo. Regtest inafuata kanuni hiyo hiyo kwa ukamilifu. Kwa hiyo ukichimba bloku 101 utakuwa na zawadi moja iliyokomaa, yaani sarafu 50. Wewe tayari unazo kumi. Chimba nyingine 100, ufikie bloku ya 110, nawe utapata zile 500 ulizozitarajia.

Yako mambo mawili ambayo regtest inatofautiana na mtandao mkuu, na ni vyema uyajue mapema. La kwanza ni kwamba hakuna mtu mwingine anayechimba. Katika mtandao mkuu bloku mpya huja kwa wastani wa kila dakika 10 upende usipende, lakini kwenye kompyuta yako muamala utakaa kwenye foleni hata mwaka mzima mpaka wewe mwenyewe uagize bloku ichimbwe. Nimeona watu wakikagua programu yao siku nzima wakitafuta kosa, kumbe muamala ulikuwa salama kabisa na kilichokosekana ni amri moja ya kuchimba. La pili ni kwamba zawadi hupungua kwa nusu kila baada ya bloku 150, si 210,000 kama ilivyo kwenye mtandao mkuu. Ukiandika jaribio linalochimba bloku maelfu kwa maelfu, utashangaa sarafu zinakauka. Kuanzia bloku ya 4,950 zawadi ni sifuri kabisa.

Sasa kuhusu pochi inayopotea. Haikupotea. Nodi na pochi ni vitu viwili, ijapokuwa vimo katika programu moja: nodi huhifadhi mnyororo na kukagua kama kila bloku na kila muamala umefuata kanuni, ilhali pochi hutunza funguo zako na kufuatilia ni sarafu zipi katika mnyororo huo zinazofunguliwa na funguo hizo. Nodi inaweza kufanya kazi miaka bila pochi hata moja. Tangu toleo la 0.21, Bitcoin Core haijitengenezei tena pochi yenyewe, na pochi uliyoitengeneza haifunguliwi yenyewe baada ya kuwasha upya isipokuwa umeiagiza hivyo. Andika mara moja tu:

```
bitcoin-cli -regtest loadwallet "jaribio" true
```

Neno `true` la mwisho ndilo linaloiambia nodi iifungue pochi hiyo kila inapowaka. Faili lake utalikuta ndani ya `~/.bitcoin/regtest/wallets/jaribio`.

DadaSeva amejibu:

Naomba nilichukue swali la porti, kwa sababu liliwahi kunigharimu.

Kila mtandao wa Bitcoin una porti yake ya kupokea amri: mtandao mkuu hutumia 8332 na regtest hutumia 18443. Programu yako inabisha hodi mlango ambao nyuma yake hakuna mtu. Kosa la namna hiyo hiyo hutokea ukisahau kuandika `-regtest` kwenye `bitcoin-cli`. Lakini kosa kubwa zaidi ni kusahau neno hilo upande wa `bitcoind`, kwa kuwa nodi haitalalamika hata kidogo: itaanza kwa utulivu kupakua mnyororo halisi kutoka mwaka 2009. Nilifanya hivyo usiku mmoja, nikalala, na asubuhi nikakuta bando la mwezi limekwisha na diski imejaa. Tangu siku hiyo siandiki neno hilo kwa mkono. Naliweka kwenye faili la mipangilio, `~/.bitcoin/bitcoin.conf`, namna hii:

```
regtest=1
server=1

[regtest]
fallbackfee=0.0002
rpcport=18443
```

Angalia mahali pa kila mstari. `regtest=1` lazima ikae juu, kabla ya mabano, kwa kuwa ndiyo inayochagua mtandao. `rpcport` na mipangilio mingine inayohusu mtandao mmoja inapaswa kukaa chini ya `[regtest]`. Ukiiweka juu itahesabiwa kuwa ni ya mtandao mkuu, na nodi yako ya regtest haitaifuata. Mstari wa `fallbackfee` uache kama ulivyo kwa sasa, utauelewa leo hii utakapojaribu kutuma sarafu.

Kuhusu ruhusa ya kuingia, nodi kila inapowaka hutengeneza faili dogo la siri linaloitwa `.cookie` ndani ya folda ya regtest. Ndani yake mna jina na nenosiri vilivyotenganishwa kwa nukta mbili, na nenosiri hilo hubadilika kila nodi inapowashwa. Kwa hiyo programu yako ilisome faili hilo kila inapoanza kuunganishwa, wala usilinakili nenosiri hilo ndani ya msimbo, maana kesho halitafanya kazi. Na tafadhali usifuate maelekezo yanayokuambia ufungue `rpcallowip`, mpangilio unaotaja anwani zinazoruhusiwa kuiamuru nodi, kwa ulimwengu mzima ili "mambo yaende". Programu yako na nodi viko kwenye kompyuta moja, anwani 127.0.0.1 inatosha.

Neno moja kuhusu umeme. Zima nodi kwa `bitcoin-cli stop` kabla ya kufunga kompyuta, usiikate ghafla, kwa sababu inahitaji muda wa kuandika kumbukumbu zake kwenye diski. Ikitokea umeme umekatika na betri imekwisha, na nodi ikagoma kuwaka, hapa regtest ina nafuu kubwa: futa folda nzima ya `~/.bitcoin/regtest` na uanze upya, jambo la sekunde chache. Futa yote kwa pamoja, mnyororo na pochi. Ukibakiza pochi ya zamani juu ya mnyororo mpya, itakuwa na kumbukumbu za miamala ambayo mnyororo huo hauijui, na utapoteza muda kuulizana nayo.

MjenziMoro amejibu:

Dada Seva na Mwalimu FundiNodi, nawashukuru sana. Nimeondoa kila kitu na kuanza upya kwa faili hilo la mipangilio. Nimechimba bloku 101 na salio sasa ni 50. Kwa udadisi niliufuta kwanza mstari wa `fallbackfee`, nikajaribu kutuma sarafu moja, na kweli nodi ilikataa kwa maelezo kwamba imeshindwa kukadiria ada na kwamba ada mbadala imezimwa. Nimeurudisha mstari na muamala umekwenda, ila ningependa kujua kwa nini nodi inashindwa kukadiria.

Jambo jingine: nimetengeneza pochi ya pili, na sasa hata `getbalance` inakataa, ikisema sijataja pochi.

FundiNodi amejibu:

Nodi hukadiria ada kwa kutazama miamala ya watu wengine: imelipa kiasi gani, na imesubiri bloku ngapi kabla ya kuingia. Kwenye regtest hakuna watu wengine, kwa hiyo hakuna cha kutazama. Kiwango cha 0.0002 ulichoweka ni sarafu kwa kila kilobaiti pepe, sawa na satoshi 20 kwa kila baiti pepe (satoshi ni sehemu moja ya milioni mia ya sarafu, na baiti pepe ni kipimo cha ukubwa wa muamala). Hicho ni cha majaribio tu. Usikibebe kwenda mtandao mkuu, ambako ada hupanda na kushuka.

Kuhusu pochi, zinapofunguliwa zaidi ya moja ni lazima utaje unayoikusudia: `bitcoin-cli -rpcwallet=duka getbalance`. Katika Python, jina huingia kwenye anwani ya muunganisho, yaani `http://127.0.0.1:18443/wallet/duka`. Mimi hupendelea pochi tatu tangu mwanzo: "mchimbaji" inayopokea zawadi, "mteja" ninayoitilia sarafu chache kutoka kwa mchimbaji, na "duka" ambayo ndiyo programu yangu inaitazama. Ukitumia pochi moja kwa yote, malipo yatakuwa yanatoka kwako na kurudi kwako, na orodha ya miamala itaonyesha kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Hesabu zako hazitafanana na zile za duka la kweli hata kidogo.

Na kwa kuwa ni programu ya fedha, nakusihi jambo hili kabla hujaandika mstari mwingine. Nodi hutoa kiasi kama namba ya desimali, mfano 0.10000000, na Python kwa kawaida huisoma kwa aina ya namba ambayo haiwezi kushika desimali nyingi kwa usahihi. Ndani yake 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili. Soma majibu ya nodi hivi:

```
json.loads(jibu.text, parse_float=Decimal)
```

kisha uzidishe kwa 100,000,000 na kutunza kila kitu kwenye kanzidata yako kama satoshi, namba kamili zisizo na nukta. Mteja aliyelipa pungufu ya satoshi moja na mteja aliyelipa sawasawa wasije wakachanganywa na hesabu ya kompyuta.

Mlinzi_wa_Funguo amejibu:

Naona swali la maneno 12 halijajibiwa, nami kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa.

Kwa upande wa ufundi, haiwezekani moja kwa moja. Bitcoin Core haitumii maneno ya siri kama pochi nyingi za simu. Hutunza funguo kwa maandishi marefu yanayoitwa deskripta, na nakala ya akiba hufanywa kwa `backupwallet`. Lakini hata kama ingewezekana, nakuomba usifanye. Watu wengi hudhani kwamba ufunguo wa regtest ni "ufunguo wa uongo". Sivyo. Hesabu inayozalisha ufunguo ni ile ile katika mitandao yote. Kinachobadilika ni viambishi tu, ndiyo maana anwani ya regtest huanza kwa `bcrt1`, ya mtandao wa majaribio kwa `tb1`, na ya mtandao mkuu kwa `bc1`. Nodi yako itaikataa anwani ya `bc1` ukijaribu kuitumia kwenye regtest, na hilo ni kinga nzuri, lakini ni kinga dhidi ya anwani iliyopotea njia, haikulindi dhidi ya ufunguo uliovuja. Anayeupata ufunguo wako kwenye folda ya majaribio anaweza kuugeuza kiambishi na kuutumia kwenye mtandao mkuu bila jasho.

Na folda ya majaribio ndiyo mahali ambapo kila mtu hulegeza mkono. Ni humo ambamo tunachapisha siri kwenye kumbukumbu za programu ili kutafuta kosa, tunatumia nenosiri la herufi nne, tunamtumia rafiki folda nzima atusaidie, na tunaipakia kwenye hazina ya wazi ya msimbo bila kukagua kilichomo. Zipo programu zinazopekua hazina za namna hiyo usiku na mchana zikitafuta funguo. Kwa hiyo pochi ya simu ibaki kwenye simu, maneno yake yabaki kwenye karatasi, na pochi za regtest zizaliwe na kufa ndani ya regtest.

Kwa moyo huo huo, kama hukulikagua faili la Bitcoin Core ulipolipakua, lipakue upya kutoka bitcoincore.org pamoja na mafaili ya `SHA256SUMS` na `SHA256SUMS.asc`. La kwanza linakuonyesha kama faili ulilonalo ndilo lile lile, na la pili lina saini za wanaothibitisha orodha hiyo. Unajifunza kuandika programu itakayopokea fedha za watu. Anza kwa kuijua asili ya chombo unachotegemea.

DadaSeva amejibu:

Nakubaliana na Mlinzi neno kwa neno. Nami niongeze jaribio moja ambalo kwa duka lako ni la lazima, na ambalo karibu kila anayeanza huliruka: malipo yaliyothibitika kisha yakarudi nyuma.

Lipa kutoka kwa "mteja" kwenda "duka", chimba bloku moja, uone programu yako ikitoa risiti. Kisha chukua hashi ya bloku hiyo na uibatilishe, na uchimbe mbili tupu mahali pake:

```
bitcoin-cli invalidateblock <hashi>
bitcoin-cli generateblock <anwani> '[]'
bitcoin-cli generateblock <anwani> '[]'
```

Mabano matupu ni agizo la kuchimba bloku isiyo na muamala wowote kutoka kwenye foleni. Ukitumia `generatetoaddress` ya kawaida, malipo yatarudi moja kwa moja kwenye bloku mpya na hutajifunza kitu. Kwa njia hii malipo yanakuwa yamerudi kwenye foleni, hayana uthibitisho, ilhali risiti imekwisha kutoka. Itazame programu yako wakati huo: inajua? Ukiwa unauliza tu "kuna muamala mpya?", haitajua. Tumia `listsinceblock` pamoja na hashi ya bloku ya mwisho uliyoishughulikia. Majibu yake yana sehemu ya `removed` inayotaja miamala iliyoondolewa pamoja na bloku zilizobatilishwa.

MjenziMoro amejibu:

Nimefanya jaribio hilo jana usiku, na programu yangu ilishindwa vibaya: risiti ilibaki imeandikwa "IMELIPWA" ilhali muamala ulikuwa foleni. Sasa nimeligawa jambo katika hatua tatu. Malipo yakionekana kwenye foleni, mteja anaandikiwa "yameonekana". Yakipata bloku moja anaandikiwa "yanathibitishwa". Na risiti haitoki hadi bloku sita. Kila hatua inaweza kurudi nyuma endapo muamala utatokea kwenye `removed`. Nimerudia jaribio la bloku tupu mara kadhaa, na duka sasa linarudi kwenye "yameonekana" kama inavyotakiwa.

Kuhusu maneno 12, nimeelewa na nimeachana na wazo hilo kabisa. Nimeweka pia folda ya regtest kwenye orodha ya vitu visivyopakiwa kwenye hazina ya msimbo.

Nikitaka sasa kuijaribu kwa muamala unaopita kwenye mtandao wenye watu wengine, lakini bado bila fedha halisi, niende wapi?

FundiNodi amejibu:

Nenda signet. Ni mtandao wa majaribio ambao bloku zake hutiwa saini na wachimbaji maalumu, kwa hiyo huja kwa utaratibu wa karibu dakika 10, tofauti na testnet ya zamani ambayo bloku zake zilikuwa zikikauka kwa muda kisha kufurika. Ondoa `regtest=1`, weka `signet=1`, na sehemu ya mipangilio iitwe `[signet]`; porti ya amri ni 38332, na mstari wa `rpcport=18443` usiuhamishie huko. Anwani zitaanza kwa `tb1`, na sarafu utaziomba kwenye tovuti zinazozigawa bure, kwa kuwa huko huwezi kujichimbia mwenyewe. Hesabu pia kwamba utapakua mnyororo wa watu wengine, kwa hiyo fanya hivyo mahali penye Wi-Fi, na uweke `prune=550` ili nodi ibakize kama megabaiti 550 tu za bloku kwenye diski. Yale majaribio ya kubatilisha bloku yaache kwenye regtest, kwa sababu kwenye signet `invalidateblock` itaigeuza nodi yako peke yake na wengine wataendelea na mnyororo wao.